Sura ya Sita: Utelezi na Shibe

Daktari Hugh Trowell aliingia Kenya mwaka 1929, akahamia Uganda katika miaka ya 1930, na akafanya kazi Mulago, Kampala, hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Jina lake lilipata sifa kwa utafiti wa kwashakoo, ule ugonjwa wa watoto waliokosa lishe. Lakini katika wodi zile zile alikuwa akiweka orodha nyingine, ya magonjwa ambayo hakuwa akiyaona. Kidole tumbo kilikuwa nadra. Mawe ya nyongo yalikuwa nadra. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika kisa cha Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, na kisa hicho kimoja kilistahili makala yake katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki, kwa jinsi kilivyokuwa kigeni. Watu wazima wenye unene wa kupindukia nao walikuwa wa kuhesabika.

Tafiti za kitaifa za afya za mwaka 2022 zinasimulia nchi nyingine kabisa. Zaidi ya theluthi moja ya wanawake wa Tanzania walio katika umri wa kuzaa wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na Kenya idadi hiyo inakaribia nusu. Damu ya watu haibadiliki kwa vizazi vitatu. Kazi zimebadilika, usafiri umebadilika, na sahani imebadilika kuliko vyote. Katika sura hii ninafuata kitu kimoja kilichopungua kwenye sahani hiyo, yaani nyuzinyuzi za chakula, na hasa zile zinazoyeyuka majini. Ndizo zilizopimwa sana kuhusiana na unene. Ndizo pia zinazouzwa kwa ahadi nyingi zisizo na msingi, na jambo hilo linaniudhi, kwa kuwa wanaotapeliwa ni watu wenye shida ya kweli.

Mulago alikuwepo pia mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyeeleza mwaka 1958 saratani ya taya za watoto ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Aliporudi Uingereza katika miaka ya 1960 alikutana na hoja za Thomas Cleave, daktari wa jeshi la majini aliyeshikilia kwamba sukari na unga uliokobolewa ndio chanzo cha magonjwa mengi ya nchi tajiri. Burkitt alikuwa na kitu ambacho Cleave hakuwa nacho: mtandao wa hospitali za misheni Afrika na Asia ambazo zilimjibu barua zake na kumwambia ni magonjwa gani yanaonekana na yapi hayaonekani. Kisha akafanya jambo ambalo madaktari wengi wa cheo chake wangeliona aibu. Alipima uzito wa vinyesi. Mwaka 1972, pamoja na Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa Uingereza, alichapisha matokeo: wanakijiji wa Uganda walitoa choo cha karibu gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita mwilini mwao kwa takriban saa 36. Wanafunzi wa shule ya bweni Uingereza walitoa gramu 110 tu, na safari hiyo iliwachukua zaidi ya siku tatu.

Ninawaheshimu wazee hawa. Walitazama mwili wa mkulima wa Buganda na wakauona kuwa kipimo cha afya, wakati ambapo wenzao wengi walimtazama mkulima huyo kama tatizo la kutatuliwa. Hata hivyo, hesabu yao ilikuwa na pengo. Mkulima yule alikula matoke, viazi vitamu, maharage na mboga. Lakini pia alilima kwa jembe, alitembea kwa miguu, na sukari aliionja kwa nadra. Ukiwa na tofauti nyingi kiasi hicho, huwezi kuichukua moja ukasema ndiyo hii. Wengi hukimbilia kusema kwamba ni jasho la shambani lililowaweka wembamba. Hapo utafiti wa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi unatutahadharisha. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake waliripoti kwamba Wahadzabe, ingawa hutembea sana kila siku wakiwinda na kuchimba mizizi, hawachomi nishati zaidi ya Wamarekani na Wazungu mara tu ukubwa wa miili unapozingatiwa. Kwa hiyo sahani haiwezi kuondolewa lawama kirahisi.

Pengo lile lingezibwa na majaribio tu, na jaribio ninalolipenda kuliko yote lilifanyika Bristol, Uingereza, likachapishwa mwaka 1977. Kenneth Heaton na wenzake waliwapa watu kumi wenye afya matufaha kwa sura tatu. Siku moja waliyala mazima. Siku nyingine walipewa yaliyopondwa hadi yakawa rojo. Siku ya tatu walipewa juisi iliyochujwa, isiyo na nyuzinyuzi. Kiasi cha wanga na sukari kilikuwa sawa katika sura zote tatu. Juisi ilinyweka haraka mara 11 kuliko tufaha zima, na mara 4 kuliko rojo. Tufaha zima lilishibisha zaidi, rojo likafuata, juisi ikawa ya mwisho. Kilichofuata kwenye damu ndicho kinachofaa kukumbukwa. Sukari ilipanda karibu sawa kwa wote, lakini baada ya juisi kongosho lilimwaga insulini nyingi zaidi, na sukari ikaporomoka chini ya ilipoanzia. Mtu aliyekunywa juisi alirudi kwenye njaa mapema, akiwa amekula matufaha yale yale.

Fikiria hilo unapoona juisi ya embe iliyochujwa kwa kitambaa ikimiminwa mezani wakati wa futari. Makapi yaliyobaki kwenye kitambaa, ambayo hutupwa, ndiyo yaliyokuwa na kazi ya kumshibisha mnywaji.

Sasa tutenganishe nyuzinyuzi na nyuzinyuzi, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Pumba za mahindi, zile zinazobaki kwenye dona na kuondolewa kwenye sembe, kwa sehemu kubwa haziyeyuki. Zinaongeza ujazo wa choo na kukisukuma, na hiyo ndiyo kazi iliyomvutia Burkitt. Aina ya pili huyeyuka majini. Ukipika bamia au mlenda, ule utelezi unaovutika kutoka kijikoni hadi sahanini ni nyuzinyuzi za aina hii. Ziko pia kwenye unga mchachu wa ubuyu, mapera, machungwa, maharage, kunde na shayiri. Maduka ya dawa na ya vyakula vya Kihindi huuza maganda ya isabgol, ambayo ukiyatia kwenye glasi ya maji na kusubiri kidogo hugeuka kuwa jeli. Na katika aina hii ya pili kuna mgawanyiko mwingine wenye uzito mkubwa: baadhi huyeyuka na kufanya mnato, nyingine huyeyuka na kuyaacha maji mepesi kama yalivyokuwa. Inulini, inayopatikana kwenye vitunguu na vitunguu saumu, ni ya kundi la mwisho.

Mwaka 1978 David Jenkins, aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alionyesha kwa nini mgawanyiko huo una maana. Aliwapa watu kinywaji cha glukosi kilichochanganywa na aina mbalimbali za nyuzinyuzi. Utomvu wa guar, unaotokana na mbegu za jamii ya maharage zinazolimwa sana India, ndio uliotuliza sukari ya damu kuliko nyingine, nao ndio uliokuwa mzito kuliko zote. Kisha akachukua guar ile ile, akaivunjavunja hadi mnato wake ukaisha, akawapa tena. Faida ikatoweka. Nyuzinyuzi zilikuwemo kwenye glasi, gramu kwa gramu, lakini uzito wa kimiminika ulikuwa umeondoka.

Ndani ya mwili mambo huenda hivi. Chakula chenye mnato hutoka taratibu kwenye mfuko wa tumbo. Kikifika kwenye utumbo mwembamba, vimeng'enya hukifikia kwa shida na sukari hupenya kidogo kidogo, hivyo sehemu ya chakula husafiri mbali zaidi kabla ya kufyonzwa. Huko chini kuna seli ambazo, zikiguswa na chakula, hutoa homoni zinazouambia ubongo kwamba tumetosheka. Mojawapo ni GLP-1, ambayo nitairudia. Mabaki yakiingia utumbo mpana, bakteria huyachachusha na kutengeneza asidi fupi za mafuta: asetati, propionati na butirati. Hizo nazo hugusa seli za aina ile ile. Watafiti wa London na Glasgow walitaka kujua kama propionati peke yake ingetosha. Waliiunganisha na inulini ili isifyonzwe njiani, wakawapa watu 60 wenye uzito uliozidi gramu 10 kwa siku kwa wiki 24, na mwaka 2015 wakaripoti kwamba waliopewa mchanganyiko huo waliongezeka uzito kwa kiasi kidogo kuliko waliopewa inulini tupu. Ulizuia ongezeko. Kuwakondesha waliokwisha kunenepa ni kazi nyingine.

Basi ni kilo ngapi? Hilo ndilo swali la mtu aliyesimama juu ya mizani, na anastahili jibu la namba.

Mwaka 2001 Nancy Howarth na wenzake wa Boston walikusanya tafiti zilizokuwepo. Wastani ulionyesha kwamba mtu akiongeza gramu 14 za nyuzinyuzi kwa siku hupunguza nishati anayokula kwa karibu asilimia 10, na hupungua kilo 1.9 katika muda wa miezi 3.8. Walionenepa sana walipata nafuu zaidi, kilo 2.4, na wembamba kilo 0.8. Mwaka 2017 Sharon Thompson na wenzake walichambua majaribio 12 yenye watu 609 waliokuwa na uzito uliozidi na waliopewa nyuzinyuzi zinazoyeyuka za kopo au kidonge, kwa wiki 2 hadi 17. Wastani ulikuwa kilo 2.5 zaidi ya waliopewa kidonge kitupu, na sukari ya asubuhi na insulini zilishuka kidogo. Namba hizo zinapendeza, na wauzaji wanazijua. Kitu wasichokitaja ni kwamba majaribio yale yalitofautiana mno, mengine yakionyesha mengi na mengine karibu sifuri, na wastani wa vitu visivyofanana ni wastani wa kushika kwa tahadhari.

Kisha ukaja uchambuzi mkubwa zaidi. Mwaka 2020 kundi la Toronto lilichapisha hesabu ya majaribio 62 yenye watu 3,877 waliopewa nyuzinyuzi za mnato bila kuambiwa wapunguze chakula. Wastani wa kilichopungua ulikuwa kilo 0.33. Kiuno kilipungua kwa milimita 6 hivi.

Ninaiamini namba hii ndogo kuliko ile kubwa. Ina watu wengi zaidi, na inakubaliana na jambo lingine tunalolijua, kwamba tafiti ndogo zenye matokeo mazuri huchapishwa upesi ilhali zenye matokeo ya bure hukaa kwenye makabati. Inakubaliana pia na maumbile. Mwili ukipungukiwa nishati hautulii. Njaa huongezeka, matumizi hupungua, na mnato wa tumboni haushindi nguvu hizo kwa miezi na miezi. Guar peke yake, ambayo Jenkins aliiona ikifanya maajabu kwa sukari ya damu, ilipimwa kwa uzito katika uchambuzi wa Max Pittler na Edzard Ernst wa mwaka 2001, na hukumu yao ilikuwa kwamba haipunguzi uzito.

Historia ya guar ina ukurasa wa kusikitisha zaidi. Marekani kulikuwa na vidonge vyake vilivyouzwa kwa jina la Cal-Ban 3000, kwa ahadi kwamba vingevimba tumboni na kuua njaa. Kwa baadhi ya watu vilivimba kabla havijafika tumboni, vikaziba umio, na wakalazwa hospitali. Mwaka 1990 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ikaviondoa sokoni. Glukomannani, inayotoka kwenye kiazi cha konjaki kinachopendwa sana Japani, ina hatari ya aina hiyo hiyo, ndiyo maana Umoja wa Ulaya unalazimisha onyo la kukabwa liandikwe kwenye bidhaa zake. Umoja huo huo unaruhusu kidonge chake kitangazwe kuwa kinasaidia kupunguza uzito, mradi mtu ale gramu 3 kwa siku pamoja na maji ya kutosha na awe pia amepunguza chakula. Lakini jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2013, la watu 53 kwa wiki 8 na karibu gramu 4 kwa siku, halikuona tofauti yoyote kati yake na kidonge kitupu. Nikiulizwa, nasema fedha hiyo inunue maharage.

Kuhusu ile homoni ya GLP-1. Dawa mpya za sindano za kupunguza unene, semaglutidi ikiwa mojawapo, zinaiga homoni hiyo hiyo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, lenye watu 1,961, waliochomwa semaglutidi kwa wiki 68 walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, na waliochomwa sindano tupu asilimia 2.4. Kwa mtu wa kilo 100 hizo ni kilo 15 hivi. Tofauti na nyuzinyuzi inaelezeka: homoni inayotolewa na utumbo baada ya mlo huvunjwavunjwa ndani ya dakika chache, ilhali dawa imetengenezwa idumu, na baada ya wiki nzima nusu yake bado inazunguka. Kwa hiyo anayeandika kwamba isabgol ni sawa na sindano hizo kwa bei nafuu anatumia ukweli wa kwanza, kwamba njia ni moja, kuficha wa pili, kwamba nguvu zinapishana mno. Mtu mwenye unene unaohatarisha maisha yake asicheleweshwe na unga wa kwenye glasi. Aende kwa daktari.

Mpaka hapa mtu angeweza kusema nyuzinyuzi hazina maana. Angekosea, kwa sababu tumekuwa tukizipima zikiwa zimetolewa kwenye chakula. Jaribio la Bristol lilionyesha kwamba umbo la tufaha lenyewe lina kazi: kulitafuna kunachukua muda, chembe zake nzima hufungia sukari ndani, na anayelila hawezi kumeza matano kwa dakika moja kama anavyoweza juisi yake. Kidonge hakina hayo. Mwaka 2016 kundi lingine la Toronto lilichambua majaribio 21 ya kunde za kila aina, maharage, dengu na choroko zikiwemo. Waliokula sahani moja kwa siku, gramu 132 hivi zilizopikwa, walipungua kilo 0.34 zaidi ya wasiozila, ndani ya wiki 6 hivi. Ni ndogo, sawa na ile ya unga wa kopo, lakini mla maharage amepata pia protini, chuma na mlo kamili, na hakulipa chochote cha ziada.

Zaidi ya hayo, mizani haisemi yote. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa Andrew Reynolds na wenzake wa tafiti 185 za kufuatilia watu kwa miaka mingi, pamoja na majaribio 58. Waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 15 hadi 30 kuliko waliokula kidogo zaidi, na faida kubwa ilionekana kuanzia gramu 25 hadi 29 kwa siku. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa wanga mwaka 2023 liliweka kima cha chini cha gramu 25 kwa mtu mzima, zitoke kwenye chakula chenyewe.

Mwaka 2025 lilitoka jaribio lililonifurahisha kwa namna ya pekee, kwa sababu lilifanyika Kilimanjaro. Quirijn de Mast wa Uholanzi na watafiti wa Moshi waliwachukua vijana wa kiume 77 wenye afya. Wa vijijini, waliozoea ndizi, maharage, mboga na magimbi, walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye vyakula vya kukaanga na vya kusindikwa vya aina inayouzwa mijini. Wa mjini walihamishiwa kwenye chakula cha kina bibi zao. Kundi la tatu lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, kwa wiki moja. Damu ya vijana wa vijijini ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kupanda, na kinga yao ikaitikia vijidudu kwa udhaifu zaidi. Kwa wa mjini, na kwa wanywaji wa mbege, uvimbe ulishuka. Baada ya wiki nne baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo. Jaribio hilo halikupangwa kupima unene, lilikuwa la wanaume tu, na halituambii ni nyuzinyuzi ngapi zilizofanya kazi hiyo na ni vitu gani vingine. Lakini linazijibu barua za Burkitt kwa namna ambayo yeye hakuweza: watu ni wale wale, umri ni ule ule, kilichohamishwa ni sahani peke yake, na mwili ukaonyesha tofauti ndani ya siku 14.

Kwa hiyo ninapoona vyakula hivi vikitajwa kama chakula cha umaskini naumia. Mlenda unaitwa chakula cha porini na watoto wa mjini. Ubuyu unaofika kwa wengi ni mbegu zilizovikwa sukari na rangi nyekundu, ilhali unga wake mtupu ndio wenye nyuzinyuzi za mnato. Watafiti wa Oxford Brookes walipowapa watu 20 kinywaji chenye gramu 15 za dondoo la ubuyu, walisema njaa yao imepungua, ingawa katika mlo uliofuata hawakula pungufu. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 11 hadi 15 za nyuzinyuzi, karibu nusu ya mahitaji ya siku nzima. Chipsi mayai haikaribii hapo.

Ukiamua kuongeza, ongeza taratibu kwa wiki kadhaa, kwa maana utumbo ambao haujazoea utajaa gesi na utakuchukiza kabla haujakufaa. Kunywa maji. Isabgol usiimeze kavu, na kama unameza dawa za kisukari au za tezi mwulize mfamasia upishanishe saa ngapi, kwani jeli ile ile inayochelewesha sukari huchelewesha na dawa. Loweka maharage usiku, umwage maji, upike kwa maji mapya, tumbo litatulia. Tunda litafune. Na anayekuuzia kopo la kuyeyusha tumbo, muulize maswali matatu kabla hujatoa hela: jaribio lilikuwa na watu wangapi, lilidumu wiki ngapi, na waliomeza walipungua kilo ngapi zaidi ya wale ambao hawakumeza? Asipoweza kujibu, rudi sokoni ununue kunde.